Rover SD1: Ubora na Kasoro za Gari la Mameneja wa Kiingereza

Rover SD1 ni gari la kifahari lililotengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1976 hadi 1986. Walengwa wake walikuwa mameneja, mawakili, madaktari na maofisa wa serikali, watu ambao gari ni sehemu ya cheo chao ingawa hawajafikia daraja la Rolls-Royce. Katika miaka hiyo kumi yalitoka magari 303,345. Kwa kiwanda kipya kilichojengwa ili kitoe magari kwa wingi, idadi hiyo ni ndogo, na upungufu huo unaeleza mengi. Waliolichora gari hili walikuwa mabingwa. Walioliunda walifanya kazi ndani ya kampuni iliyokuwa ikigombana yenyewe kwa yenyewe.

Rover ilianza na baiskeli. Mwaka 1885, katika mji wa Coventry, John Kemp Starley alitoa baiskeli yenye magurudumu mawili yaliyokaribia kulingana na mnyororo wa nyuma, na umbo hilo ndilo baiskeli zinalo hadi leo. Gari la kwanza la kampuni lilitoka mwaka 1904. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia shughuli zilihamia Solihull, pembeni ya Birmingham, na hapo mwaka 1948 ikazaliwa Land Rover. Afrika Mashariki iliijua kampuni hii kwa upande huo zaidi: Land Rover ya bwana shamba, ya polisi, ya misheni na ya askari wa wanyamapori. Kwao Uingereza, Rover ilikuwa na sura nyingine kabisa. Lilikuwa gari la watu watulivu wenye fedha ambao hawapendi kelele. Malkia Elizabeth wa Pili alikuwa na Rover P5 ya kuendesha mwenyewe, na Margaret Thatcher alifika Downing Street mwaka 1979 ndani ya gari la aina hiyohiyo. Wakati huo P5 ilikuwa imeacha kutengenezwa tangu 1973. Serikali ilikuwa imenunua za mwisho na kuziweka akiba.

Kabla ya SD1 ilikuwapo P6, iliyotoka mwaka 1963 ikiwa na injini ya lita mbili. Hiyo ndiyo iliyopewa tuzo ya kwanza kabisa ya Gari la Mwaka la Ulaya, mwaka 1964. Ilikuwa na kiunzi cha chuma ambacho bati za nje zilifungwa juu yake kwa bolti, breki za diski kwa magurudumu yote manne, na ekseli ya nyuma ya mfumo wa De Dion, ambao ni wa gharama kubwa na hukamata barabara vizuri. Fundi aliyetakiwa kubadilisha pedi za breki za nyuma alikuwa na neno jingine la kusema, kwa sababu diski zilifichwa katikati, kando ya difu, mahali pasipofikika kwa urahisi. Kiunzi nacho kilioza kimyakimya huku bati za nje ziking'aa. Pamoja na hayo P6 iliuzwa zaidi ya 320,000, na ndiyo iliyowafundisha Waingereza kwamba gari la meneja linaweza kuwa la kisasa.

Mwaka 1967 Rover ilinunuliwa na Leyland, na mwaka uliofuata Leyland ikaunganishwa na kundi lililokuwa na Austin, Morris na Jaguar. Ikapatikana kampuni moja kubwa mno iitwayo British Leyland. Ndani yake walijikuta mahasimu wa jana wamekaa meza moja. Triumph, kampuni nyingine ya magari ndani ya kundi hilo, ilikuwa na gari lake la lita mbili lililoshindana na P6 kwa miaka mingi, na sasa wote walikuwa nyumba moja. Uamuzi ukawa gari moja lichukue nafasi ya yote mawili. Timu ya Triumph ilikuwa na mchoro wake ulioitwa Puma, na ya Rover ilikuwa na wake. Ukashinda wa Rover. Mradi ulibadilishwa jina mara kadhaa kabla ya kuitwa SD1, yaani gari la kwanza la Idara ya Magari Maalumu. Jina hilo la ofisini halikubandikwa popote kwenye gari, lakini ndilo wapenzi wake wanalolitumia hata leo.

Umbo lilitoka kwa David Bache, mchoraji mkuu wa Rover, na uhandisi ulisimamiwa na Charles Spencer King, aliyejulikana kwa wote kama Spen King. Huyu alikuwa mpwa wa ndugu Wilks walioiongoza Rover kwa miongo mingi, na ndiye aliyeongoza kazi ya kubuni Range Rover ya mwaka 1970. Bache alivutiwa na Ferrari Daytona, na yeyote aliyeliona gari la Ferrari kabla ya SD1 huona undugu wao mara moja. Pua ni ndefu na chini, haina grili, taa zimekaa ndani ya mstari mmoja mwembamba, na ubavuni kuna mfinyo unaokwenda kutoka taa za mbele hadi za nyuma. Paa huteremka taratibu mpaka nyuma na kuishia kwenye mlango mkubwa unaofunguka kwenda juu pamoja na kioo chake.

Mlango huo ulikuwa jambo la ujasiri. Magari ya mameneja ya wakati ule yalikuwa na buti la kawaida lililotengwa na chumba cha abiria, na mlango wa nyuma wa kuinua ulionekana kuwa wa magari ya bei rahisi au ya kubebea mizigo. Rover waliuweka, na kiti cha nyuma kikalazwa, hata mkurugenzi akaweza kubeba kabati kutoka mnadani. Kizingiti cha kupakilia kilikuwa juu mno, na mwenye kuinua sanduku zito alilazimika kulivusha kama anayeruka ukuta. Hata hivyo wachache walilalamika.

Chini ya boneti palikuwa na injini ambayo asili yake ni Marekani. General Motors waliitengeneza kwa aluminiamu kwa ajili ya Buick na ndugu zake mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakaiacha baada ya miaka mitatu hivi kwa sababu kuisubu kulikuwa na usumbufu na gharama. William Martin-Hurst, mkurugenzi wa Rover, alikutana nayo Marekani katika karakana ya kampuni ya injini za boti, akaulizia, na mwaka 1965 Rover wakapata haki ya kuitengeneza. Kwanza iliingia kwenye P5, kisha P6, kisha Range Rover. Ina silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, ujazo wa sentimita za ujazo 3,528, na kwa kuwa ni aluminiamu uzito wake haukuzidi sana ule wa injini nyingi za silinda nne za chuma cha kusubu. Kwenye SD1 ilipata mfumo wa kielektroniki wa kuwasha plagi, kabureta mbili za SU, na nguvu za farasi 155.

Kwa Mtanzania wa leo neno "V8" humaanisha Land Cruiser ya kigogo, na huenda akashangaa kusikia kwamba V8 hii ya Rover haikuwa ya kutunisha misuli. Sifa yake ilikuwa utulivu. Dereva alipokanyaga mafuta kwenye gia ya tano, akiwa kwenye mwendo wa kawaida wa mjini, gari liliondoka bila kunung'unika. Mwendo wake wa juu ulikaribia kilomita 200 kwa saa, na safari ndefu ya barabara kuu haikumchosha mtu. Udhaifu wa injini ulikuwa mmoja: haikuvumilia uzembe. Mafuta machafu yaliacha tope jeusi ndani, kamshafti na tapeti zake zikalika. Maji yakipungua, gari likachemsha, silinda hedi za aluminiamu zilipinda. Aliyemwaga mafuta kwa wakati na kuangalia rejeta alidumu na injini hiyo miaka na miaka.

Upande wa chini wa gari ulionyesha falsafa ya Spen King, naye alisemwa vibaya kwa hilo. P6 ilikuwa na De Dion na diski nne. SD1 ikarudi kwenye ekseli moja ngumu ya nyuma na breki za ngoma. Wengi waliona ni kurudi nyuma. King aliona kwamba ekseli ngumu ikishikiliwa vizuri, kwa springi za koili, na viungo vya Watt vinavyoizuia isiyumbe pembeni, itafanya kazi nzuri kwa gharama ndogo na matatizo machache. Shokomzoba za nyuma za modeli kubwa zilikuwa za aina inayojiinua yenyewe, hivyo gari lililojaa abiria na mizigo halikukaa matako chini na pua juu. Barabarani alithibitika kuwa na haki kwa sehemu kubwa. Gari lilishika kona vizuri, na stelingi yake ya pawa ilikuwa nyepesi na ya haraka, mizunguko 2.7 tu kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ekseli ilijisaliti pale barabara ilipokuwa na viraka na mawimbi; hapo abiria wa nyuma alijua kwamba magurudumu mawili yamefungwa kwenye chuma kimoja.

Ndani ya gari kuna kitu kimoja kinachostahili kutazamwa kwa karibu. Dashibodi ilichorwa iwe rafu ndefu iliyonyooka, inayofanana kushoto na kulia, na saa zote za dereva zimewekwa ndani ya kisanduku kilichokaa juu ya rafu hiyo kama redio juu ya meza. Mbele ya abiria kuna tundu la kutolea hewa. Tundu hilo ndimo usukani ungepita kama gari lingekuwa la nchi zinazoendesha upande wa kulia wa barabara. Kwa hiyo kiwanda hakikuhitaji kutengeneza dashibodi mbili: kilihamisha kisanduku, kikapitisha usukani kwenye tundu la upande mwingine, kazi ikaisha. Hayo ndiyo mawazo yaliyolijaza gari hili, rahisi na yenye akili. Wateja wa zamani wa Rover hawakufurahi wote. Walizoea mbao na ngozi. Wakakuta plastiki, viti vya kitambaa, na usukani ambao haukuwa duara kamili. Kwao ilikuwa kama kualikwa nyumba ya mzee wa heshima na kukalishwa kwenye viti vya mkahawa.

Gari lilizinduliwa tarehe 30 Juni 1976 likiitwa Rover 3500, kwa bei iliyokuwa chini kidogo ya pauni 5,000. Jaguar na magari ya Kijerumani yenye nguvu kama hizo yaligharimu zaidi. Waandishi wa habari za magari walilisifu karibu kwa sauti moja, na likapewa tuzo ya Gari la Mwaka la Ulaya kwa mwaka 1977, mbele ya Audi 100 na Ford Fiesta. Orodha ya wanunuzi ikawa ndefu. Kama habari ingeishia hapo, SD1 ingehesabiwa miongoni mwa magari bora ya karne yake.

Lakini kiwanda kilikuwa Solihull, na mmiliki alikuwa British Leyland. Mwaka 1975 kampuni ilikuwa imeishiwa fedha hadi serikali ikachukua sehemu kubwa ya hisa zake kufuatia ripoti ya Bwana Ryder kuhusu kampuni hiyo. Migomo ilikuwa ya kila mara. Ikigoma idara moja ya kutengeneza vipuri, magari yaliyofikia nusu yalisimama kwenye mstari. Kwenye jengo jipya la Solihull uzalishaji haukufikia kiwango kilichopangwa hata kidogo. Mteja aliyeweka oda mwaka 1976 alisubiri miezi, na gari lilipofika lilikuwa limeundwa kwa haraka ya kufidia siku zilizopotea. Lawama zote zilipelekwa kwa wafanyakazi, jambo ambalo si haki. Menejimenti ilileta kiwanda kipya, rangi ya mfumo mpya, gari jipya na giaboksi mpya kwa wakati mmoja, tena kwa watu waliokuwa na hofu ya kupoteza kazi.

Kasoro zilianza kuonekana katika miezi ya mwanzo. Rangi ilibanduka. Milango haikukaa sawa kwenye fremu zake, na nafasi kati ya bati na bati zilipishana kiasi kwamba kidole kiliingia upande mmoja na upande wa pili hata kucha haikupita. Maji ya mvua yaliingia kupitia mipira ya milango na dirisha la paa, yakakaa chini ya mazulia, na kutu ikaanza kula sakafu kutoka ndani. Vioo vya umeme vilikwama, vitasa viligoma, saa za dashibodi zilisoma zilivyotaka. Kila tatizo peke yake lilikuwa dogo, na fundi wa umeme angelimaliza kwa saa moja. Yakija matano kwa pamoja, kwenye gari la meneja ambaye gari lake ndilo kadi yake ya utambulisho, yalitosha kumpeleka kwenye duka la BMW au la Ford akaulizie Granada.

Mwishoni mwa 1977 ziliongezwa modeli mbili za injini ndogo zaidi, 2300 na 2600, zenye silinda sita kwa mstari. Hizi zilitokana na upande wa Triumph, na zilikuwa na bloku ya chuma na silinda hedi ya aluminiamu yenye kamshafti juu, inayozungushwa na mkanda. Ya 2600 ilitoa nguvu za farasi 136, na katika kuendesha ilikuwa tamu kuliko watu walivyotarajia. Hapa ndipo ilipo kasoro mbaya kuliko zote katika historia ya gari hili, kwa sababu hii haikutokana na uundaji bali na mchoro wenyewe. Mafuta ya kulainisha kamshafti yalipandishwa juu kupitia njia nyembamba. Mafuta yakizeeka, uchafu uliiziba njia hiyo, kamshafti ikazunguka kavu, ikalika au ikakamata. Hakuna taa iliyomwonya dereva, kwa kuwa presha ya mafuta chini ya injini ilibaki nzuri. Mmiliki wa V8 mzembe alipata muda wa kujirekebisha. Mmiliki wa silinda sita mzembe alinunua injini nyingine.

Modeli ya 2300 ilikuwa maskini wa ukoo. Ilikuja na giaboksi ya gia nne, bila shokomzoba za kujiinua, na stelingi ya pawa ililipiwa pembeni. Katika Uingereza ya miaka ile jambo hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko inavyoonekana. Serikali ilikuwa imebana mishahara, na makampuni yakawa yanawapoza maofisa wao kwa kuwapa magari. Namba iliyoandikwa nyuma ya gari ilimtangaza mwenyewe. Aliyeegesha 2300 kando ya 3500 ya bosi hakuhitaji kuonyesha karatasi yake ya mshahara. Mwaka 1979 ikaja V8-S yenye mapambo zaidi, na mwaka 1980 Vanden Plas yenye viti vya ngozi, ishara kwamba Rover wamekubali kwamba wateja wao wa zamani walikuwa na hoja.

Jaribio la kuliuza Marekani mwaka 1980 halikudumu. Gari lilipelekwa na injini yenye mfumo wa kunyunyiza mafuta badala ya kabureta, lakini jina la Rover lilikuwa geni kwa wanunuzi wa saluni, bei ilikuwa juu, na sifa mbaya ya uundaji ilikuwa imetangulia kuvuka bahari. Mauzo yalikuwa machache mno na baada ya muda mfupi likaondolewa. Barani Ulaya, Mercedes na BMW ziliendelea kuchukua wateja ambao tuzo ya 1977 ilikuwa imemtengea Mwingereza.

Michael Edwardes, aliyeletwa kuongoza British Leyland mwishoni mwa 1977, alifunga viwanda vingi, na mwaka 1981 zamu ya SD1 ikafika. Uundaji ulihamishiwa Cowley, kitongoji cha Oxford, na jengo la Solihull, ambalo lilikuwa halijafikisha miaka kumi, likafungwa; baadaye lilitumiwa kwa kazi za Land Rover. Kuhama kulilisaidia gari. Modeli iliyorekebishwa ya mwaka 1982 ilikuwa na taa mpya, kioo cha nyuma kirefu zaidi chenye waipa, dashibodi mpya na mbao kiasi, na rangi iliyokaa mahali pake. Wajuzi wa magari haya hukubaliana kwamba la Cowley limeundwa vizuri kuliko la Solihull, ingawa wapo wanaolipenda la kwanza kwa usafi wa mistari yake.

Pamoja na marekebisho hayo zilikuja injini mbili zilizolemewa na gari. Moja ni ya lita mbili yenye silinda nne na nguvu za farasi 101, iliyowekwa kwa ajili ya nchi zinazotoza kodi kubwa kwa injini kubwa na kwa makampuni yenye kubana matumizi. Nyingine ni ya dizeli yenye turbo, iliyonunuliwa kwa VM Motori ya Italia, yenye nguvu za farasi 90. Zote zilisogeza gari, na zaidi ya hapo hakuna la kusifu. Umbo la Ferrari lililopitwa na lori kwenye mlima ni mzaha ambao Bache hakuukusudia.

Heshima ilirudishwa na Vitesse, iliyotoka Oktoba 1982. Injini ileile ya V8 ilipewa mfumo wa Lucas wa kunyunyiza mafuta, nguvu zikapanda hadi farasi 190, springi zikafupishwa, breki za mbele zikaongezwa ukubwa, na bawa jeusi likapachikwa nyuma. Lilifika kilomita 217 kwa saa. Breki za nyuma, cha ajabu, zilibaki za ngoma. Hili ndilo SD1 linalotafutwa zaidi na kwa bei kubwa zaidi siku hizi.

Kwenye mashindano Vitesse ilifanya kilichoshindwa kufanywa na idara ya mauzo. Timu ya Tom Walkinshaw iliyatayarisha magari hayo, na mwaka 1983 yalitawala ubingwa wa Uingereza wa magari ya saluni. Steve Soper alimaliza msimu akiwa bingwa, kisha ushindi ukafutwa kwa madai kwamba magari yalifanyiwa mabadiliko yaliyokatazwa, na taji likaenda kwa Andy Rouse wa Alfa Romeo. Mwaka 1984 Rouse huyohuyo alikuwa bingwa tena, safari hii akiendesha Rover. Mwaka 1986 Mdenmarki Kurt Thiim alichukua ubingwa wa Ujerumani kwa Vitesse, nyumbani kwa BMW na Mercedes. Mashindanoni kila gari liliundwa na mafundi wachache wenye muda na nia, na hapo mchoro ulionekana ulivyo.

Polisi wa Uingereza nao walilipenda. Lilikuwa la haraka, lenye nafasi ya vifaa, na injini yake ilivumilia kuendeshwa kwa kasi mchana kutwa kwa kuwa mafuta yalibadilishwa kwa ratiba. Mei 1987, baada ya gari kuacha kutengenezwa, magari mawili ya Rover ya polisi wa London yalipewa kazi ya kupeleka ini la kupandikiza kutoka uwanja wa ndege wa Stansted hadi hospitali ya Cromwell, magharibi mwa jiji. Umbali ulikuwa maili 27, kama kilomita 43, katikati ya msongamano wa siku ya kazi. Walitumia takriban nusu saa. Safari nzima ilirekodiwa kwa kamera iliyokuwa ndani ya gari, na mkanda huo huonyesha gari likisuka njia kati ya mabasi na teksi, likifunga breki, likichomoka, stelingi ile nyepesi ikizunguka mikononi mwa dereva. Ini lilifika kwa wakati na upasuaji ukafanikiwa.

Sehemu ya mwisho ya maisha ya bodi ya SD1 ilikuwa India. Kampuni ya Standard ya Madras iliichukua na kutoa gari liitwalo Standard 2000 kuanzia mwaka 1985. Iliinuliwa ili ikabili barabara mbovu, ikawekewa injini ya zamani ya lita mbili iliyotokana na Standard Vanguard, gari la miaka ya 1940. Bei ilikuwa kubwa, nguvu kidogo, na matumizi ya mafuta hayakuwa yale yaliyoahidiwa. Mwaka 1988 ikafikia mwisho. Bohari zilibaki na bati na vipuri vipya ambavyo muuzaji spea wa Uingereza alivinunua baadaye na kuvirudisha kwao, hivi kwamba baadhi ya SD1 zinazotengenezwa upya leo Uingereza zimevaa bati zilizotoka Madras.

Anayelikagua SD1 siku hizi huanza na kutu kabla ya injini. Sehemu za kutazamwa ni matao ya magurudumu ya nyuma, bati la chini ya milango, ncha za chini za milango yenyewe, pembe za kioo cha mbele na ukingo wa mlango wa nyuma. Zulia huinuliwa na kuguswa kwa kiganja. Likiwa na unyevu, sakafu ina habari ya kusimulia. Injini ya V8 husikilizwa ikiwa baridi, kwa kuwa tapeti zilizochoka hugonga zaidi wakati huo, na ya silinda sita haifai kununuliwa bila kumbukumbu za ubadilishaji mafuta. Umeme hukaguliwa swichi moja baada ya nyingine. Spea za injini ya V8 si tatizo, kwa sababu Range Rover na Land Rover nyingi zilitumia injini hiyo. Za bodi na za ndani ndizo za kusaka.

Mwaka 1986 mahali pa SD1 pakachukuliwa na Rover 800, iliyobuniwa kwa ushirikiano na Honda, ikivutwa na magurudumu ya mbele na, katika modeli kubwa, kutumia injini ya Kijapani. Ilitoka kwanza ikiwa na buti la kawaida. Mlango wa kuinua ulingoja hadi 1988. Injini ya V8 ya aluminiamu iliyoachwa na Wamarekani iliendelea kufungwa kwenye Range Rover, kisha kwenye Land Rover Discovery hadi mwaka 2004. Aprili 2005 kampuni ya MG Rover yenyewe ikafilisika.